Themostati zinazonyamaza baada ya Isha: kisa cha nyumba moja ya Nyali

Nyumba yenyewe iko Nyali, Mombasa, karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa kaskazi huacha chumvi kwenye vioo vya madirisha. Ina vyumba vitano vinavyopozwa na mtambo mmoja wa nje. Kila chumba kina kitengo chake cha ndani kilichofichwa juu ya dari, na themostati, yaani kidhibiti cha joto, ukutani karibu na mlango. Themostati hizo haziongei na kiyoyozi moja kwa moja. Katikati yao kuna geitiwei, yaani lango la mawasiliano, kisanduku kidogo kilichofungwa ndani ya kabati la umeme kando ya jikoni. Upande mmoja lango huzungumza lugha ya mtengenezaji wa kiyoyozi, na upande wa pili huzungumza Modbus, lugha ya maswali na majibu baina ya vifaa, kupitia RS-485, yaani laini ya jozi ya nyaya, A na B, zinazopita chumba hadi chumba.

Tangu mwisho wa Februari, malalamiko yalikuwa yaleyale. Usiku, themostati huonyesha alama ya kukatika mawasiliano. Ukibonyeza kupandisha joto, namba hubadilika kwenye kioo lakini kiyoyozi hakisikii. Chumba cha nne hupoa hadi vioo vya madirisha vinatoa jasho kwa nje. Asubuhi, kabla ya chai, kila kitu kimerudi sawa.

Kabla ya uchunguzi wa kweli, mambo matatu yalikuwa yamekwisha kujaribiwa. Mfumo ulizimwa na kuwashwa mara nyingi. Lango lilibadilishwa, likanunuliwa jipya. Kisha kasi ya mawasiliano ikateremshwa kutoka baudi 9600, yaani biti kwa sekunde, hadi 4800 kwenye vifaa vyote. Hakuna lililosaidia, na la pili ndilo lililogharimu zaidi.

Aliyetoa habari yenye thamani kuliko zote ni dada anayetunza nyumba.

"Fundi, mchana haina neno. Ikishapita Isha ndipo inapoanza."

"Dada, huanzia chumba kipi?"

"Cha nne. Kila siku cha nne. Halafu cha mwisho, halafu vyengine."

Maneno hayo yanaondoa nusu ya washukiwa kabla hata kifuniko kimoja hakijafunguliwa. Anwani ya themostati haibadiliki jua likizama. Kasi ya baudi haibadiliki, pariti (biti ya kukagua makosa) haibadiliki, wala orodha ya rejista, zile nafasi za kuhifadhia namba, ndani ya lango. Kama mpangilio ungekuwa na kosa, kosa lingekuwapo saa nne asubuhi kama lilivyo saa tatu usiku. Themostati yenye pariti tofauti na wenzake hainyamazi baada ya Isha tu, haiongei kabisa. Themostati mbili zenye anwani moja hugongana mchana na usiku. Kinachobadilika na saa ni joto, unyevu, mzigo wa umeme na mienendo ya watu. Kwa hiyo kitu cha kukaguliwa kwanza ni shaba, skrubu na hewa, na kompyuta ibaki ndani ya mkoba.

Jambo la pili la kumuuliza mwenye nyumba katika kisa kama hiki ni nini kilichoguswa karibuni. Jibu lilikuwa kwamba mwezi wa Januari chumba cha wageni, ambacho ndicho cha tano, kiliongezwa kwenye mfumo. Waya wake ulitolewa kwenye kisanduku cha ukutani cha chumba cha nne, ukapandishwa kwa konduti mpya, yaani bomba la kupitishia waya, hadi juu ya dari, ukateremshwa chumba cha tano. Chumba cha nne kilikuwa hakilali mtu hadi mwisho wa Februari. Tarehe hizo mbili ziwekwe akilini.

Kutenganisha pande mbili za lango

Njia ya ujumbe ina nusu mbili, na ni kosa kuzipima kwa pamoja. Taa ya upande wa kiyoyozi kwenye lango ilimeta bila kukatika hata wakati themostati zote zilikuwa kimya, na rejista za vitengo vya ndani zilisomeka bila tatizo kwa kompyuta iliyounganishwa kwenye lango. Nusu hiyo ikaachwa. Lango jipya pia likaondolewa lawama hapohapo: malango mawili tofauti yaliyotoa dalili moja kwa saa zilezile hayawezi yote kuwa na ugonjwa mmoja.

Upande wa themostati, lango ndilo mwulizaji. Kwa Modbus ya nyaya mbili, anauliza mmoja tu, na wengine hujibu wakiitwa kwa anwani, kutoka 1 hadi 247. Hapa anwani zilikuwa 1 hadi 5, na kila themostati iliulizwa mara moja kila sekunde mbili, sawa na maswali 1800 kwa saa. Lango huhesabu majibu yaliyokosekana na yale yaliyofika yakiwa yameharibika, yaani yale ambayo CRC yake, namba ya uhakiki iliyo mwishoni mwa ujumbe, haikuafikiana na ujumbe. Hesabu hizo zilirudishwa sifuri mchana, zikasomwa baada ya saa moja: makosa mawili au matatu kwa kila chumba. Zikasomwa tena kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Chumba cha kwanza kilikuwa na makosa 35. Cha nne kilikuwa na 640.

Ohmu 41

Umeme ulizimwa, mita ikawekwa kati ya A na B kwenye vituo vya lango. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ndicho cha kwanza kufanywa kwenye laini yoyote ya RS-485. Laini iliyo sawa ina rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya ohmu 120 kila mwisho. Mbili zikiwa sambamba, mita isome 60 hivi, na ohmu moja au mbili zaidi kwa ajili ya urefu wa waya. Ukisoma 120, mwisho mmoja hauna rezista au waya umekatika njiani. Ukisoma karibu 40, ziko tatu.

Mita ilisoma 41.

Rezista ya tatu ilipatikana kirahisi. Zamani chumba cha nne ndicho kilichokuwa mwisho wa laini, na swichi ndogo nyuma ya themostati yake ilikuwa imewashwa kama ipasavyo. Chumba cha tano kilipoongezwa, swichi ya huko ikawashwa pia, sawa kabisa, lakini hakuna aliyerudi kuizima ile ya chumba cha nne.

Mafundi wengi wakifika hapa huzima swichi, hufunga sanduku, huondoka. Katika nyumba hii hilo lisingetosha, na inafaa kueleza kwa hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ndiyo inayoonyesha kwamba kuna mgonjwa wa pili.

RS-485 hutambua ujumbe kwa tofauti ya volti kati ya A na B. Kiwango rasmi humhakikishia mpokeaji usomaji sahihi pale tofauti inapozidi volti 0.2 upande huu au ule. Katikati ya hapo kila chipu hujiamulia. Wakati hakuna anayesema, laini ingeelea bila mwenyewe, kwa hiyo lango hushikilia waya mmoja kuelekea volti 5 na mwingine kuelekea sifuri kwa rezista mbili za kuegemeza, hapa za ohmu 680 kila moja. Zikiwepo rezista mbili za mwisho, volti ya kimya ni 5 × 60 ÷ (680 + 680 + 60), yaani 0.21. Imevuka mpaka kwa unywele tu. Zikiwa tatu, ni 5 × 40 ÷ (680 + 680 + 40), yaani 0.14. Hapo laini imekwisha kuingia eneo la kubahatisha. Chipu nyingi bado zitasoma vizuri, ndiyo maana mchana haikuwa na neno. Lakini akiba imekwisha, na kitu chochote kidogo kitakachokuja juu yake kitaiangusha.

Kupima volti ya kimya kunahitaji uangalifu mmoja. Lango likiwa linaendelea kuuliza, mita ya kawaida huchanganya kimya na ujumbe na kukupa wastani usio na maana. Simamisha maswali kwanza kutoka kwenye mpangilio wa lango, acha umeme umewashwa, kisha pima. Asubuhi ilisoma 0.14, sawasawa na hesabu. Saa tatu na nusu usiku, viyoyozi vikiwa vimefanya kazi tangu magharibi, ilisoma 0.07 na haikutulia.

Ndani ya kisanduku cha chumba cha nne

Themostati za aina hii hupachikwa juu ya bamba la nyuma lenye vituo vinne vya skrubu: A, B, chanya ya volti 24 na hasi. Ilipobanduliwa usiku uleule, bamba lilikuwa limelowa. Matone yalikuwa yameshika kwenye skrubu, na shaba ya A na B ilikuwa na kutu ya kijani kuingia hadi ndani ya ala ya plastiki. Kwenye mdomo wa konduti mpya, ukiweka mkono, ulihisi hewa ya vuguvugu ikitoka.

Hewa hiyo ndiyo kiini cha kisa. Mombasa, hewa ya joto la digrii 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya digrii 24. Juu ya dari kuna hewa ya nje, yenye unyevu wa bahari. Chumba cha nne kilipoanza kulalwa mwisho wa Februari na kupozwa hadi digrii 20, ukuta na bamba la themostati vilipoa navyo. Konduti iliyoachwa wazi juu ikawa bomba la kuteremsha hewa ya darini hadi kwenye shaba iliyo baridi. Maji yakatokea papo hapo, ndani ya ukuta, mahali ambapo mvua haijawahi kufika. Na vumbi la pwani lina chumvi, kwa hiyo maji hayo hupitisha umeme vizuri sana.

Nyaya zote zilitolewa kwenye bamba, ambalo peke yake halina elektroniki yoyote, kisha mita ikawekwa kati ya B na chanya, vituo viwili vinavyopakana. Plastiki kavu ingeonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Ilionyesha kiloohmu 6. Bamba likapulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika tano, mita ikapanda hadi ikazidi uwezo wake.

Kiloohmu 6 kutoka volti 24 ni kama miliampea 3.6 zinazopenya ndani ya B. Nusu yake huteremka kwenye rezista ya kuegemeza ya upande huo. Nusu nyingine huvuka rezista za mwisho kuelekea A, na kwa ohmu 40 hula takriban volti 0.07. Toa hiyo kwenye 0.14, unabaki na 0.07 ileile iliyosomwa kwenye lango. Hesabu na mita zikikubaliana namna hii, ndipo unapoweza kusema chanzo kimepatikana. Sasa tazama kama rezista ya tatu ingeondolewa tu bila kukausha: 0.21 kutoa takriban 0.11, inabaki 0.10. Bado chini ya mpaka, bado ugonjwa ule ule, na fundi angeitwa tena baada ya wiki.

Kutu yenyewe ilikuwa na lake pia. Mita ikiwa kwenye lango na umeme umezimwa, waya wa A ulipotikiswa kwenye bamba la chumba cha nne, zile ohmu 41 zilipanda kupita 50 kisha zikashuka. Kiungo hicho ndicho njia ya pekee ya kwenda chumba cha tano. Ndiyo sababu ya mpangilio aliousema dada: cha nne, halafu cha mwisho, halafu vingine.

Na kuna kitu kinachofanya hitilafu hii ijilishe. Anayelala chumba cha nne akiingia usiku huweka 20 ili pawe na ubaridi haraka. Ratiba ya themostati ilipangwa kupandisha hadi 25 saa nne usiku. Lakini saa nne lango limekwisha kupoteza mawasiliano, na lango hili, kama mengi, hushikilia amri ya mwisho iliyoisikia. Kiyoyozi kinaendelea kutafuta 20 usiku kucha. Ukuta unazidi kupoa, umande unazidi, mawasiliano hayarudi. Ni hadi mtu aamke, azime kiyoyozi kwa swichi, chumba kipate joto, bamba likauke.

Kazi iliyofanywa

Swichi ya rezista kwenye chumba cha nne ilizimwa. Zikabaki mbili, kwenye lango na kwenye chumba cha tano.

Waya uliokwenda chumba cha tano haukuwa wa kusokotwa. Ulikuwa waya bapa wa kengele, umelala juu ya dari ukiambatana na waya wa umeme wa kitengo cha ndani kwa mita nyingi. Nyaya zilizosokotwa hupokea kelele kwa kiasi kilekile pande zote mbili, na mpokeaji anayeangalia tofauti tu haioni. Waya bapa hauna kinga hiyo. Uliondolewa wote, mita 18, ukawekwa Cat6, waya wa mitandao ya kompyuta wenye jozi zilizosokotwa, yenye ngao: jozi moja kwa A na B, jozi ya pili kwa waya wa pamoja, yaani hasi. Volti 24 za themostati zilipitishwa kwenye waya wake mwenyewe. Ngao ilifungwa upande wa lango tu. Ilipopita karibu na waya wa umeme iliachiwa nafasi ya sentimita 30, na palipobidi kukutana ilikatiza kwa pembe mraba.

Kuhusu Cat6, pwani hii jambo moja lisipuuzwe. Sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini yake, uache dukani. Hewa ya chumvi huila aluminiamu kwenye kiungo upesi kuliko shaba, na skrubu iliyokazwa leo itakuwa imelegea baada ya misimu miwili. Waya wa shaba iliyopakwa bati ni bora zaidi ukiupata, nao pia una rangi ya fedha, ila ukiukwaruza unakuta shaba nyekundu ndani.

Ncha zote zenye kutu zilikatwa nyuma hadi shaba ing'are, karibu sentimita 3 kila upande. Bamba la chumba cha nne lilibadilishwa badala ya kusafishwa, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeingia chini ya vituo. Yale mengine manne yalipigwa brashi kwa pombe ya isopropili na kukaushwa. Ncha mpya zilivikwa vikofia vya kubana kabla ya kuingia kwenye skrubu.

Kisha konduti, na hapa haraka huharibu. Midomo yote ya konduti ilizibwa kwa lakiri laini ya kuzibia mabomba ya waya, upande wa darini na ndani ya kila kisanduku, si chumba cha nne peke yake. Silikoni pia hufanya kazi, lakini iwe ile isiyo na harufu ya siki. Ile yenye siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Ukiiweka ndani ya kisanduku utakuwa umeondoa kutu moja na kupanda nyingine. Wala kisanduku kisijazwe povu, kwani siku ya kufungua utavunja ukuta wa matumbawe ili kuutoa waya.

Mpangilio wa lango uliguswa mwisho kabisa, na kwa mambo mawili. Kasi ilirudishwa 9600 na pariti shufwa (even) kwenye vifaa vyote, kwa kuwa 4800 haikuwa imetibu kitu na ilifanya majibu yachelewe. La pili ndilo linalokata ule mzunguko wa kujilisha: lango lina muda wa kusubiri, na lilipangwa kwamba themostati ikinyamaza kwa dakika 10, chumba chake kipewe amri ya digrii 26. Mawasiliano yakikatika tena kwa sababu yoyote ile, chumba kitapata joto kidogo badala ya kugeuka kiwanda cha umande. Mwenye nyumba alielezwa hili waziwazi, ili siku chumba kikipanda hadi 26 bila kuamriwa ajue ni dalili, asiite mtu wa gesi.

Baada ya hapo, mita kwenye lango ilisoma ohmu 61. Volti ya kimya ilikuwa 0.21 mchana na 0.21 saa nne usiku, chumba cha nne kikiwa kimewekwa 20 kwa makusudi tangu magharibi. Hesabu za makosa kwa saa hiyo zilikuwa sifuri kwa vyumba vinne na moja kwa cha tano. Themostati ya chumba cha pili, ambayo kwa miaka ilisoma digrii mbili zaidi ya joto la chumba na watu wakaizoea hivyo, ilianza kusoma sawa na kipimajoto cha mkononi. Nayo ilikuwa ikipulizwa mgongoni na hewa ya dari.

Lango la zamani lilirudishwa kwenye kabati na linafanya kazi. Lile jipya liko ndani ya boksi lake pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, na kwenye kifuniko cha kabati imebandikwa karatasi yenye mambo manne: ohmu 61, volti 0.21, kasi 9600, rezista za mwisho kwenye lango na chumba cha tano. Kipimo kinachofuata ni katikati ya masika, mwezi wa Mei, usiku, baada ya viyoyozi kufanya kazi saa tatu mfululizo.